Zilizopendwa na Nani? Jina na Historia ya Nyimbo za Zamani Nchini Kenya

Katika makala haya nakusudia kulichunguza neno moja ambalo kila Mkenya aliyepata kukaa karibu na redio analijua, nalo ni zilizopendwa. Kwa upande wa sarufi neno hili halina fumbo. Ni kitenzi penda katika kauli ya kutendwa, wakati uliopita, pamoja na kirejeshi -zo- kinachorejelea nomino ambayo imeachwa nje, yaani nyimbo. Lakini mwanafunzi yeyote wa sarufi anajua kwamba kauli ya kutendwa ina mlango wa nyuma: humruhusu msemaji kumficha mtenda. Mtoto anayemwambia mama yake kwamba kikombe kimevunjwa anayo sababu ya kutomtaja aliyekivunja. Nyimbo hizi, basi, zilipendwa na nani? Na ikiwa kitenzi kiko katika wakati uliopita, mapenzi hayo yalikoma lini?

Wenzetu wa Tanzania husema zilipendwa, sentensi kamili iliyogeuzwa kuwa nomino, nao wameipanua maana yake hata ikamhusu mtu au kitu chochote kilichopitwa na wakati; mwaka 2017 vijana wa kundi la Wasafi walitoa wimbo wenye jina hilo hilo. Sisi wa Kenya tumekishika kirejeshi, na sidhani kwamba tofauti hii ni ya bure. Zilipendwa inaarifu tu. Zilizopendwa inachagua. Mtu akisema zilizopendwa huwa amekwisha kukiri, hata kama hajui, kwamba zilikuwako nyingine ambazo hazikupendwa, au zilipendwa na watu ambao hawakuulizwa.

Yafaa nieleze mapema jinsi jambo hili linavyonihusu. Nilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na kukulia Nakuru, ambako baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli. Nyumbani palikuwa na redio moja ya betri, na betri zikichoka tulizianika juani ili zipate nguvu ya kutufikisha kwenye taarifa ya habari ya jioni. Idhaa tuliyoisikiliza ilikuwa Idhaa ya Taifa ya KBC. Stesheni za watu binafsi zilianza Nairobi mwaka 1996, na haikuwa mara moja zikatufikia sisi. Kwa hiyo muziki wa utotoni mwangu si ule uliotungwa nikiwa mtoto. Ni muziki wa Fundi Konde, Fadhili William, Daudi Kabaka, Gabriel Omolo na ndugu wa Kinyonga, nao ulikuwa umekwisha kuitwa zilizopendwa siku ile nilipousikia kwa mara ya kwanza. Kumbukumbu ninayoililia nilirithishwa na watu wazima waliokuwa wakiutikisia kichwa huku wakinywa chai. Kabla ya kuwa na miaka kumi nilikuwa nimejifunza kusikitikia ujana wa baba yangu.

Sikuliona hili kuwa tatizo mpaka nilipokwenda Uingereza kusomea shahada ya uzamili. Usiku mmoja wa baridi mwenzangu mmoja, Mzambia, alitupigia wimbo wa kwao kwa Kinyanja uitwao A Phiri Anabwela. Maneno yake sikuyaelewa, lakini sauti ile niliijua vyema. Nikamwambia kwamba huyo ni Nashil Pichen wa Kenya. Alicheka sana. Nashil Pichen Kazembe alikuwa Mzambia, akaja Nairobi akiwa kijana, akaimba kwa Kiswahili katika bendi ya Equator Sound, kisha akarudi kwao na kupata sifa nyingine huko. Mzambia mwenzake, Peter Tsotsi Juma, alikuwa naye katika bendi hiyo. Mimi, mwalimu mtarajiwa wa Kiswahili, nilikuwa nimewahesabu wote wawili kuwa jirani zetu wa Nakuru.

Tukiichunguza historia tutaona kwamba kosa langu halikuwa la ajabu. Muziki huu tangu asili yake ulikuwa muziki wa watu waliotoka kwao. Fundi Konde, aliyezaliwa mwaka 1924 upande wa pwani, alipiga gitaa katika kikosi cha kuwatumbuiza askari wa Afrika Mashariki wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Vita vilipokwisha askari walirudi wakiwa wamezoea gitaa na santuri, na wenye maduka na studio mjini Nairobi wakatambua kwamba Mwafrika wa mjini, ingawa mshahara wake ulikuwa mdogo, alikuwa tayari kununua sahani ya santuri. Lugha ya biashara hiyo ilikuwa Kiswahili, kwa sababu iliyo wazi: sahani ya Kiswahili iliweza kuuzwa Mombasa, Kampala, Tanga na Kisumu. Wenye studio hawakukichagua Kiswahili kwa uzalendo. Walikichagua kwa hesabu, nacho kikafika pahali ambapo shule hazikukifikisha.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 akaja Nairobi Jean-Bosco Mwenda kutoka Katanga, fundi wa gitaa la vidole ambaye wimbo wake Masanga ulikuwa umerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952. Sehemu ya kazi iliyomleta ilikuwa kutangaza vidonge vya Aspro. Jambo hili huwachekesha wanafunzi wangu, lakini lina uzito. Kiswahili cha Katanga, kilichokulia katika miji ya migodi, kiliingia masikioni mwa wapigaji gitaa wa Kenya kupitia tangazo la dawa ya kichwa. Magharibi mwa Kenya vijana walikuwa tayari wakilikuna gitaa kwa namna yao, huku mwenzao akigonga chupa ya soda kushika mdundo. Hiyo ndiyo omutibo, ambayo hukumbukwa zaidi kwa jina la George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963. Daudi Kabaka alipolichanganya gitaa hilo na mtindo wa twist uliokuwa umeenea duniani, akapata twist ya Kiafrika. Wimbo wake Helule Helule ulivuka bahari: mwaka 1968 kundi la Kiingereza liitwalo The Tremeloes liliurekodi upya na ukauzwa sana huko Uingereza.

Sitaki kupita bila kuutaja Malaika, ingawa umeandikwa mno. Fadhili William aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, Miriam Makeba akaupeleka ulimwenguni, Boney M wakauimba mwaka 1981. Mpaka leo watu hubishana ni nani aliyeutunga: wako wanaomtaja Fadhili mwenyewe, wako wanaomtaja Adam Salim, wengine Grant Charo, wengine Lucas Tututu. Mimi sina hukumu ya kutoa. Linalonivutia ni kwamba wimbo unaohesabiwa na wengi kuwa kiini cha zilizopendwa hauna mtunzi anayekubaliwa na wote. Kauli ya kutendwa imefanya kazi yake hapo pia: ulitungwa, ukaimbwa, ukauzwa. Aliyefaidika anajulikana zaidi kuliko aliyetunga, na Fadhili William mwenyewe alitumia miaka mingi kudai haki yake kabla ya kufariki mwaka 2001. Mwaka huo huo alifariki Daudi Kabaka. Fundi Konde alikuwa ametangulia mwaka 2000. Nakumbuka redio ikizipiga nyimbo zao mfululizo siku hizo, na baba akiipandisha sauti bila kusema neno.

Katika miaka ya 1970 mkondo ulibadilika. Wakongo walikuja kwa wingi: Baba Gaston alifika mwaka 1975, Samba Mapangala na wenzake wa Les Kinois mwaka 1977, na Orchestra Super Mazembe ilikuwa imekwisha kujijenga Nairobi. Kutoka Tanga walikuja Wilson na George Peter Kinyonga, ambao walianzisha Simba Wanyika mwaka 1971. Kutoka bendi hiyo wakajitenga baadhi ya wanamuziki mwaka 1978 wakaunda Les Wanyika, wenye wimbo Sina Makosa, ambao sijapata kuhudhuria harusi ya Wakenya wa umri wowote ukakosa kupigwa. Bendi za Tanzania nazo zilikuwa zikisafiri hadi Nairobi kurekodi, kwa kuwa viwanda vya santuri vilikuwa huku, ilhali kwao kazi kubwa ya kurekodi ilifanywa na Redio Tanzania. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alifia Mombasa, katika ajali ya gari, Januari 1979, wakati mpaka wa nchi zetu mbili ulikuwa umefungwa tangu mwaka 1977. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983. Wanasiasa waligombana, wapenzi wa dansi waliendelea kuzinunua sahani.

Hapa ningependa kusimama kidogo juu ya sahani yenyewe, kwani wengi wanaozililia nyimbo hizi hawakupata kuishika. Ilikuwa sahani ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, yenye nafasi ya dakika chache kila upande. Katika miaka ya 1960 wimbo mmoja ulitosha upande mmoja. Lakini wanamuziki wa miaka ya 1970 walizoea kupiga dansi usiku kucha, na wimbo wao ulikuwa mrefu. Basi waliukata mapande mawili. Upande wa kwanza uliimbwa taratibu, hadithi ikaelezwa, mlalamikaji akalalamika. Palipofika mahali pa kupamba moto sauti ilififishwa, nawe ukalazimika kuinuka, kuigeuza sahani na kuiwekea sindano tena ili upate chemko, yaani sehemu ya magitaa ambayo watu waliingojea ili wacheze. Redio, kwa kubanwa na wakati, aghalabu ilipiga upande wa kwanza tu. Ndiyo maana sisi tuliozijua nyimbo hizi kwa njia ya redio tunazikumbuka kama nyimbo za huzuni. Baba yangu alizikumbuka kama nyimbo za kuchezea. Tulikuwa tukizungumza juu ya sahani ile ile, kila mtu na upande wake.

Basi tunaanza kumwona mtenda aliyefichwa. Kwanza ni mfanyakazi wa mjini aliyekuwa na shilingi za kununulia santuri. Wimbo wa Gabriel Omolo, Lunch Time, uliovuma mwanzoni mwa miaka ya 1970, unamhusu mtu huyo: unaeleza jinsi wafanyakazi wa Nairobi wanavyoipitisha saa ya chakula cha mchana, kila mmoja kwa kadiri ya mfuko wake. Aliyekuwa kijijini bila mshahara hakuulizwa. Pili ni msikilizaji aliyetuma salamu. Vipindi vya salamu havijachunguzwa na wataalamu wa fasihi simulizi kama inavyostahili. Mtu alinunua kadi, akaijaza majina ya watu aliowasalimu, kuanzia wazee wa nyumbani hadi marafiki wa kiwandani, akataja wimbo, akaipeleka posta. Na siku iliposomwa mtaa mzima ulijua. Nasadiki kwamba katika kadi zile mamia ya Wakenya wa bara waliandika Kiswahili kwa hiari yao kwa mara ya kwanza, pasipo mwalimu wala mtihani. Ilikuwa kabla ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, kukifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye kutahiniwa.

Mtenda wa tatu ni ofisi ya utangazaji yenyewe. Sauti ya Kenya ilizigawa idhaa zake kwa lugha. Nyimbo za Kiswahili zilikuwa za idhaa ya taifa. Benga ya Kijaluo, nyimbo za Joseph Kamaru kwa Kikuyu, na nyingine za lugha za mama zilikuwa na saa zake mahali pengine. Matokeo yake ni kwamba neno zilizopendwa, ambalo kwa sarufi linaweza kuhusu wimbo wowote, limekuja kumaanisha wimbo wa gitaa, wa Kiswahili, wa kati ya miaka ya 1950 na 1980. D. O. Misiani aliuza santuri nyingi kwelikweli, lakini akitajwa hutajwa chini ya benga. Na taarabu ya Mombasa je? Juma Bhalo, ambaye Kiswahili chake kilikuwa na mizani na vina ambavyo sisi walimu huvifundisha darasani, alipendwa pwani kwa miaka mingi hata baada ya kuacha jukwaa, na alipofariki mwaka 2014 alililiwa na watu wa pwani kana kwamba kila nyumba imefiwa. Zuhura Swaleh naye alipendwa. Hao wote hawamo katika zilizopendwa. Wamo katika taarabu, na taarabu haikuhesabiwa kuwa ya zamani kwa sababu wenyewe hawakuacha kuipenda.

Kutajwa kwa Zuhura Swaleh kunaleta jambo jingine ambalo lazima nilikiri. Ukiorodhesha majina niliyoyataja kuwa ya zilizopendwa utaona kwamba yote ni ya wanaume. Wanawake wamo tele ndani ya nyimbo: wanabembelezwa, wanalaumiwa, wanasifiwa kwa elimu yao kama katika Msichana wa Elimu wa Kabaka, au wanaonywa juu ya mambo ya mjini. Ni nadra kuwasikia wakijibu. Mama yangu, nilipomwuliza yeye alipenda wimbo gani, alinijibu kwamba yeye alikuwa jikoni na redio ilikuwa sebuleni. Kisha akaongeza kwamba nyimbo za kanisani alizijua zote.

Mwaka 1980 ilitolewa amri kwamba sehemu kubwa ya muziki wa redio iwe ya Kenya. Haikudumu ila majuma machache. Mtu angeweza kuilaumu ofisi kwa kulegea, lakini mimi najiuliza waliokuwa studioni wangeitekeleza vipi. Je, Simba Wanyika ilikuwa bendi ya Kenya? Super Mazembe je? Katikati ya muongo huo masharti ya vibali vya kazi yalikazwa, na baadhi ya wageni wakaondoka au wakapata taabu ya kuendelea na kazi. Nchi ikawa inawabana watu ambao sauti zao ingekuja kuziita urithi wake. Kwa wakati huo huo kaseti ilikuwa imefika. Kaseti ilinakiliwa kwa urahisi, kila kibanda kikawa kiwanda, na makampuni yaliyokuwa yakipiga sahani hayakupata tena faida. Nadhani hapo ndipo kitenzi kilipoingia katika wakati uliopita. Mapenzi hayakukoma, kilichokoma ni kutengenezwa kwa sahani.

Yaliyofuata najua kwa macho yangu. Baba alikuwa na sanduku la santuri, yapata arobaini, na kinanda ambacho sindano yake ilikuwa imekwisha, na ya kuibadilisha haikupatikana. Sanduku likawekwa chini ya kitanda. Likizo moja mimi na ndugu zangu tuligundua kwamba sahani ya santuri ikirushwa sawasawa huelea hewani kama ndege. Tulishindana kutoka mlangoni hadi kwenye ua. Nyingine zilipasuka ukutani, nyingine zilichukuliwa na watoto wa jirani, na nyingine mama alizitumia kufunikia mitungi. Baba aliporudi kazini alizitazama kwa muda, kisha akatuambia tuendelee kucheza, kwa kuwa hizo zilikwisha kupendwa. Nilidhani ametusamehe. Sasa ninapotafuta sahani hizo hizo kwa ajili ya utafiti, na kuzikuta katika mikusanyo iliyotolewa ng'ambo, kama ule wa The Nairobi Sound wa John Storm Roberts wa mwaka 1982, siwezi kuwalaumu wageni kwa kutuhifadhia tulivyovitupa. Mmoja wa waliovitupa ni mimi.

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili kazi ya kuorodhesha zilizopendwa kumi na kueleza Kiswahili chake. Nilitazamia Kabaka na Konde. Zaidi ya nusu ya darasa waliniletea E-Sir, aliyefariki Machi 2003, na Kalamashaka. Kwanza niliona wamekosea, nikataka kuirudisha kazi. Nilikuwa shuleni nyimbo hizo zilipovuma. Mwalimu wetu wa Kiswahili alituonya kwamba sheng ile ingetuharibia insha, nasi tuliziimba kwa siri tukitoka darasani. Wanafunzi hawa walikuwa wachanga, au hawajazaliwa, wakati ule. Wamezirithi kwa wazazi na kaka zao kama nilivyorithi mimi. Msichana mmoja aliandika kwamba humlilia E-Sir ingawa alizaliwa mwaka mmoja baada ya kifo chake. Nilimpa alama zote, na pembeni nikamwandikia aniulizie nyumbani kwao kama pana mtu mwenye santuri.

Alirudi na moja, ya Simba Wanyika, imepinda kidogo kwa joto, lebo yake imefutika. Nilimpelekea baba simu yenye kinasa sauti, tukatafuta mahali penye kinanda kizima, tukaipiga. Upande wa kwanza aliuimba wote. Nilipoigeuza sahani, baba aliondoa kofia yake, akaiweka juu ya meza, akasimama.